Namna Lori la Kaburu Lilivyoacha Kuganda

Kaburu Mukiri wa Githongo aliendesha malori kwa miaka ishirini na sita na hakuwahi kumgonga hata mbuzi. Alipakia Mombasa, akavuka Malaba, akashusha Kampala, siku nyingine Kigali, kisha akarudi na trela tupu ikirukaruka nyuma yake kama ndama. Madereva wenzake wakimwona mbele yao kwenye mteremko wa Salgaa walishusha pumzi, kwa sababu walijua aliye mbele hana papara. Alikuwa na msemo wake, kwamba gari huteremka kwa gia, breki ni ya kusimamia tu. Na mtu akimpita kwa fujo alisema, "Mwache atangulie, tutamkuta."

Alipofika miaka hamsini na saba, kisukari kilimharibia kazi. Kidonda kidogo cha kidole kilikataa kupona, kikapanda, na mwishowe madaktari wakaukata mguu wake wa kushoto chini ya goti. Kaburu akarudi nyumbani kwenye kahawa, na huko akakuta kahawa ina bosi tayari. Mkewe Karwirwa alikuwa ameitunza peke yake miaka yote ile mume akiwa barabarani, na hakuhitaji mtu wa kumwonyesha mti upi upogolewe. Kwa hiyo Kaburu alikaa barazani, magongo yameegemezwa ukutani, akisikiliza magari yanayopanda kilima cha sokoni.

"Huyo amechelewa kushusha gia," alisema peke yake. Au, "Huyo klachi yake imeisha, hamalizi mwezi."

Aliwakaripia kuku na kuizomea redio. Karwirwa akampigia simu binti yao Kinya, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi moja Nairobi, akamwambia, "Tafutia baba yako kitu cha kufanya kabla sijamtafutia mimi."

Kinya alikuja Krismasi na kompyuta kuukuu ambayo ofisi yao ilikuwa ikiiondoa, pamoja na usukani wa mitumba wenye pedali mbili, ule unaofungwa kwenye ukingo wa meza kwa skrubu. Akaweka gemu ya malori. Kaburu alicheka hadi akakohoa.

"Mimi nicheze gemu? Mimi ni mtoto?"

"Si lazima, baba. Nitacheza mimi, wewe tazama."

Kinya akaendesha. Kona ya kwanza tu, baba yake akasogea mbele kwenye kiti. Kona ya pili akasema, "Unakata mapema, trela itapanda ukingo." Trela ikapanda ukingo. Kona ya tatu akasema, "Hebu ondoka hapo." Gia za gemu zilijibadilisha zenyewe, na kwa pedali ya mafuta na ya breki mguu wa kulia ulitosha. Jioni ile Kinya hakukipata kiti chake tena.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Asubuhi Kaburu aliketi kwenye jua na kuchambua mbegu za maharagwe, na mchana akaingia chumba cha nyuma na kuendesha. Karwirwa alidhani mwanzoni kwamba akili ya mumewe imeanza kuyumba, halafu akagundua kwamba kuku hawakemewi tena, naye akanyamaza. Alipompelekea chai aliuliza tu, "Baba Kinya, leo uko wapi?"

"Poland."

"Sawa. Ukifika Ujerumani njoo unishikie gunia."

Gemu ile ilihesabu kila kilomita. Kaburu alikuwa na kilomita laki mbili na elfu arobaini, na alizijua kama mtu anavyojua umri wa wanawe.

Kisha akagundua kwamba kuna Wakenya wengine wanaocheza gemu hiyo, na kwamba kila Jumamosi saa tisa alasiri wanaingia mtandaoni na kuendesha kwa msafara, lori nyuma ya lori, wakiongea kwa vipaza sauti vya masikioni. Kiongozi wao alikuwa Gitari, karani wa ofisi ya maji kule Embu, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye sauti ya upole. Walimpokea Kaburu vizuri. Walimwita Mzee. Shida ilikuwa kompyuta.

Kwanza, ilichelewa. Wengine wakifungua gemu walikuwa barabarani kabla maji ya chai hayajachemka. Ya Kaburu ilichukua dakika saba, wakati mwingine tisa, huku sanduku likinguruma chini ya meza. Akiingia anakuta msafara umekwenda. "Mzee Kaburu bado anapasha injini," walitania, naye alicheka pamoja nao, ingawa si sana.

La pili ndilo lililomuuma. Kila alipoingia mji mpya, picha iliganda. Lori lilisimama hewani sekunde mbili, tatu, kisha likaruka mbele. Ukiwa peke yako si neno. Ukiwa na malori kumi na manane yamefuatana, sekunde tatu ni msiba. Jumamosi moja walipokuwa wakiingia mji wa bandari, picha ya Kaburu ikaganda, na ilipofunguka alikuwa ndani ya trela ya Gitari. Aliyekuwa nyuma yake akamparamia, na wa nyuma yake vilevile. Malori sita yakalala barabarani kama ndizi zilizomwagika soko la Gakoromone.

Hakuna aliyemkaripia, na afadhali wangemkaripia. Gitari alisema kwa heshima zote, "Mzee, labda kuanzia leo uwe unakaa mwisho kabisa. Ili tu usipate taabu."

Kaburu akavua vipaza sauti, akazima kompyuta, akatoka nje akasimama kwenye migomba. Karwirwa alimwona kwa dirisha la jikoni na akamwendea.

"Ni nini?"

"Nimeangusha watu sita."

Karwirwa akashika kifua. "Wapi? Lini?"

"Kwa gemu."

Karwirwa alitaka kucheka, ila akauona uso wa mumewe na kicheko kikafia njiani. Miaka ishirini na sita bila kugonga mbuzi, sasa anawekwa mkiani kama dereva mwanafunzi. Alimshika mkono, wakarudi ndani.

Kesho yake Kaburu alianza kuuliza. Kinya alimwambia kwa simu, "Baba, nunua SSD, diski ya kisasa, hiyo yako ni ya zamani." Jamaa anayetengeneza simu pale sokoni Githongo alimwambia kinyume: "Mzee, SSD kwa gemu ni kutupa pesa. Haiongezi chochote kwenye picha. Utaona miti ni ile ile." Mpwa wake wa Nkubu akamwambia kwamba akiweka SSD kompyuta itaruka kama mwewe, na picha zitakuwa kama sinema. Watu watatu, majibu matatu. Hapo Kaburu, mtu aliyejulikana kutoka Mombasa hadi Kigali kwa kutokuwa na haraka, akashikwa na haraka. Akashuka mjini Meru, akaingia duka la kwanza lenye kompyuta dirishani, akaomba SSD iliyo nzuri kuliko zote.

Muuzaji alimletea kitu chembamba kama kipande cha chingamu. "Hii ndiyo yenye kasi kuliko zote hapa. Lakini mashine yako ina nafasi ya aina hii?"

Kaburu hakuelewa swali. Lakini mtu aliyeendesha trela za magurudumu ishirini na mawili hapendi kuonekana hajui sehemu za chombo chake. "Inayo," akasema.

Nyumbani alilifungua lile sanduku la kompyuta kwa bisibisi, akavaa miwani, akakizungusha kile kipande cha chingamu kila upande. Alijaribu huku, akajaribu kule. Hakukuwa na mahali. Kila tundu lilikuwa kubwa mno au lilikuwa na kitu chake.

"Si ungeuliza dukani?" Karwirwa alisema akiwa mlangoni.

"Dukani mimi ndiye niliyeulizwa," Kaburu akajibu, na hakutaka mazungumzo zaidi.

Wakala wa kutuma pesa kwa simu pale sokoni ndiye aliyemtajia Wambeti. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mzaliwa wa Runyenjes aliyeolewa Meru, mwenye chumba ghorofa ya kwanza juu ya muuza mbegu, hatua chache kutoka soko la Gakoromone. Shule zilimpelekea mashine zao, na pia wenye kumbi za gemu. Walisema hakuuzii kitu usichohitaji, na kwamba jambo hilo lilikuwa limempotezea wateja wengi na kumwachia wazuri.

Kaburu akafunga kompyuta ndani ya gunia la kahawa, akapanda nayo bodaboda. Ngazi za Wambeti alizipanda moja moja, gongo kwanza, mguu baadaye, huku mwenye bodaboda akimbebea gunia.

"Muga, fundi," akasalimu kwa Kimeru.

"Muga muno, mzee. Karibu ukae. Huyo mgonjwa ndani ya gunia ana shida gani?"

Kaburu akamweleza yote, dakika saba, kuganda mjini, malori sita, ushauri wa watu watatu, na chingamu. Wambeti alisikiliza bila kumkatiza, kisha akafungua sanduku, akachungulia kwa tochi ya simu.

"Tuanze na hii uliyonunua. Si mbovu, ni nzuri sana. Lakini bodi yako ilitengenezwa kabla ya aina hii kuenea, haina mlango wake. Ni kama kununua tairi la trela ukaliweke kwa pikipiki."

"Nilidhani iliyo nzuri ni nzuri popote."

"Wengi hudhani hivyo. Sasa niambie, unataka miti ipendeze au unataka lori lisigande?"

"Lisigande. Miti mimi nimeiona ya kweli."

Wambeti akacheka. "Basi uko mahali pazuri. Wanaokuja hapa wengi wanataka picha ilainike, na mimi huwaambia SSD haifanyi hivyo. Picha inachorwa na kadi ya picha, hii hapa. Ukiwa na kadi dhaifu, weka SSD kumi, itabaki dhaifu. Hapo jamaa yenu wa simu alisema kweli. Lakini gemu yako ina ramani kubwa, haikai yote kichwani kwa wakati mmoja. Ukikaribia mji, kompyuta inakimbia stoo kuchukua nyumba, barabara, taa. Stoo yako ni diski ya kuzunguka, ina kisahani ndani na kijiti kinachotafuta kama sindano ya santuri. Kikichelewa, wewe unangoja hewani. SSD haina kinachozunguka. Ukiita, kitu kimefika. Na hakuna haja ya hiyo ya bei ya juu. Ile bapa ya kawaida itaingia hapa, na kwa gemu macho yako hayatajua tofauti."

"Kwa hiyo inafaa?"

"Kwako inafaa. Ungekuwa unacheza karata ningekurudisha nyumbani."

Walishuka pamoja hadi lile duka. Kaburu alisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, lakini muuzaji alimkumbuka, akacheka bila ubaya, akakagua kile kipande akaona hakijachubuka. Alikibadilisha kwa diski bapa, na kilichobaki kwenye bei Wambeti akakifanya kuwa kijiti kimoja cha RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, maana alisema mashine ile ilikuwa ikihema.

Waliporudi juu ndipo mambo yalipoharibika. Wambeti aliunganisha diski ya zamani ili anakili kila kitu kwenda kwa mpya, nayo ikaanza kutoa sauti. Tik. Tik. Tik. Akainamisha kichwa, akasikiliza kama daktari.

"Mzee, hii diski haijazeeka tu. Inakufa. Kuna sehemu zake hazisomeki tena. Ndiyo maana ulikuwa unaganda vibaya hivyo."

"Na kilomita zangu?"

"Zipi?"

"Laki mbili na elfu arobaini. Ziko humo."

Wambeti aligeuka akamtazama. "Huzihifadhi mtandaoni?"

"Bando za simu mimi naziweka za Jumamosi peke yake."

Wambeti aliacha kunakili diski nzima, akaenda moja kwa moja kwenye folda ya gemu, ile ndogo inayohifadhi safari za mchezaji, akaiamuru ihame kwanza. Mstari wa kijani ukaanza kusogea kwenye kioo, pole pole. Ulifika nusu. Tik, tik. Ukasimama. Ukasogea tena.

Stima ikapotea.

Soko zima likaguna kwa pamoja huko chini, na chumba kikawa kimya isipokuwa kisanduku cha betri ya dharura kilichokuwa sakafuni, kilichoanza kulia pii, pii, pii. Kioo kilikuwa bado kinawaka.

"Tuna dakika kama kumi," Wambeti alisema. Alizima kila kitu kingine kilichounganishwa pale, taa, spika, hata simu aliyokuwa akiichaji. Kaburu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Fundi."

"Naam."

"Unaona ni upuuzi. Mtu mzima."

"Sijasema hivyo."

"Nilipoacha kazi, vitabu vya lori vilibaki na kampuni. Miaka ishirini na sita, sina karatasi hata moja ya kusema nilikwenda wapi. Hizi ndizo peke yake zilizowahi kuhesabiwa kwa jina langu."

Wambeti akaitikia kwa kichwa, macho yake kwenye mstari wa kijani. Betri ililia haraka zaidi. Mstari ukafika robo tatu, ukakwama tena, Wambeti akagusa ile diski kwa kidole kimoja kana kwamba anamgusa ng'ombe mgonjwa, nayo ikakohoa na kuendelea. Ulipofika mwisho wote wawili waliona kwa wakati mmoja. Dakika mbili baadaye betri ikaisha na kioo kikawa cheusi.

"Zimevuka?" Kaburu aliuliza.

"Zimevuka zote. Mengine yakifa, yafe. Gemu tutaipakua upya."

Stima ilirudi baada ya saa moja. Kaburu hakuondoka. Alikaa kwenye kiti cha wateja hadi alasiri, akala maembe aliyonunuliwa kutoka sokoni na mtu wa mbegu, akamsimulia Wambeti habari za Malaba wakati foleni ilikuwa ya siku nne. Alipofungua gemu pale pale kwa majaribio, namba ilikuwa kwenye kona yake, laki mbili na elfu arobaini na mia tatu na kumi na mbili. Alivua kofia.

Jumamosi iliyofuata aliketi saa tisa kasorobo. Alibonyeza, akageuka kuchukua kikombe cha chai, na alipogeuka tena lori lilikuwa limesimama mbele yake kwenye yadi, injini ikinguruma. Alidhani amekosea kitu. Alitazama saa. Hata dakika haikuwa imeisha.

Gitari aliingia baadaye. "Nani huyo tayari yuko yadini? Mzee Kaburu? Umeingia saa ngapi?"

"Mimi? Nimepasha injini, nimekunywa chai, nilikuwa karibu kulala."

Wote wakaangua kicheko, naye safari hii akacheka kwa moyo. Alikaa mwisho kama alivyoambiwa, bila kunung'unika. Waliingia mji wa kwanza. Alikaza mkono kwenye usukani akingoja kuganda, lakini nyumba zilikuja moja baada ya nyingine, taa, daraja, na lori likapita katikati yake likitiririka. Mji wa pili vilevile. Mahali fulani picha ilisita kidogo, kama mtu aliyejikwaa na kujishika, basi. Jioni alimpigia Wambeti simu.

"Fundi, haligandi!"

"Nimefurahi, mzee."

"Lakini miti bado inafanana na sukuma wiki."

"Nilikuambia."

"Uliniambia," akakubali.

Ilikuwa Jumamosi ya tatu, kwenye mlima. Gitari alikuwa amechagua njia ya milimani, mvua inanyesha ndani ya gemu, malori yamebeba vyuma. Kwenye mteremko mrefu sauti ya mwanamke ilisikika, ya juu, ya hofu. Aliitwa Ann, alikuwa mhasibu wa kiwanda kimoja huko Embu, na alikuwa lori la tano.

"Halishiki! Breki haishiki, linakwenda tu!"

Watu watano wakaongea kwa pamoja. Mmoja akamwambia akanyage zaidi, mwingine akamwambia aruke pembeni. Kaburu akazungumza kutoka mkiani, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya redio ya lori usiku wa Mtito Andei, njia ya Mombasa.

"Wote nyamazeni. Ann, toa mguu kwa breki."

"Nitoe?!"

"Toa. Umeipasha moto, haina kazi sasa. Shusha gia moja kwa mkono. Ngoja injini ilie, iache ilie, hailii kwa uchungu. Sasa shusha nyingine. Unaona inakukamata?"

"Inapungua," Ann akasema.

"Itapungua. Kona inayokuja ni ya kulia, ingia kwa nje. Ukishatoka ndipo uguse breki, gusa na uachie, kama unajaribu pasi ya moto kwa kidole."

Ann alifika chini mzima, na malori yote nyuma yake. Gitari akauliza, "Mzee, wewe uliendesha wapi?" Kaburu akawaambia. Hawakuwa wamewahi kumwuliza. Walijua tu kwamba ni mzee wa Githongo ambaye kompyuta yake inachelewa. Safari ya kurudi Gitari akasema, "Mzee, pita mbele. Sisi tunakufuata."

Wiki mbili baadaye Gitari na Ann walipanda kutoka Embu Jumapili moja baada ya kanisa, wakiwa na mkate na majani ya chai kama wageni wenye adabu. Karwirwa aliwapikia mukimo wa viazi na mahindi, na kuku, mmoja wa wale waliokuwa wakikaripiwa zamani. Ann alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kucheka kwa urahisi, na baada ya chakula akasema alichokuja kusema.

"Mzee, mimi sichezi tu. Nimejiandikisha shule ya udereva, nataka leseni ya malori makubwa. Nyumbani wananiona nimerukwa na akili. Hesabu za kiwanda nimezichoka. Mwalimu wetu ananifundisha kupita mtihani. Nataka mtu wa kunifundisha mlima."

Kaburu akamtazama mkewe. Karwirwa akaanza kuondoa sahani. "Mfundishe," alisema. "Ukimaliza utamfundisha kushika gunia."

Ann alikuja kila Jumapili kwa miezi minne. Alikaa kwenye usukani wa meza, Kaburu kando yake na gongo lake mkononi akimgonga nalo taratibu kwenye kiatu kila alipokanyaga breki bila sababu. Alimfundisha kusikiliza injini na macho yamefungwa, kusoma matope yaliyo barabarani, kumtambua dereva aliyesinzia kwa jinsi taa zake zinavyoyumba. Mengine gemu haikuyajua kabisa, na hayo Kaburu alimchorea kwa chaki sakafuni.

Alifaulu mara ya kwanza. Kazi ilichukua muda zaidi, lakini mwishowe mfanyabiashara mmoja wa saruji alimpa lori la kwenda Isiolo, na Ann akapiga simu Githongo asubuhi hiyo hiyo.

"Mzee, kesho napita Meru. Kiti cha pembeni kiko wazi."

Kaburu hakuwa ameketi ndani ya lori la kweli kwa karibu miaka mitano. Turnboi, yaani utingo wa lori, na Ann walimsukuma kwa nyuma hadi akafika juu, akafunga mkanda, akaweka gongo kati ya magoti. Walipita Subuiga, na barabara ikaanza kuanguka kuelekea nchi tambarare ya kaskazini, hewa ikipata joto kila kilomita. Ann alishusha gia kabla ya kilima kuanza. Akashusha nyingine. Injini ikalia, akaiacha ilie. Gari dogo likawapita kwa fujo, likipiga honi.

Kaburu alikuwa ameamua tangu asubuhi kwamba hatasema neno lolote la ualimu njiani, na hakusema. Alitazama milima ya bluu upande wa mbali, akatazama mikono ya Ann, kisha akatazama tena milima. Chini kabisa, barabara iliponyooka, alifungua dirisha na kutoa kiwiko nje, kama alivyozoea.

Isiolo walikula nyama ya mbuzi na chapati, na Kaburu akampigia mkewe simu.

"Baba Kinya, uko wapi?" Karwirwa akauliza.

"Isiolo."

"Isiolo ya kompyuta au Isiolo yenyewe?"

"Yenyewe," Kaburu alisema. "Kuna joto huku, na nyama ni tamu. Nikuletee nini?"